Magoli yaliongezeka, pointi zikabaki palepale: kisa cha timu moja ya ligi ya mkoa, Dar es Salaam

Kuhusu kisa hiki

Timu ninayoizungumzia ni ya mtaani, upande wa kusini wa jiji la Dar es Salaam, inayocheza ligi ya ngazi ya mkoa. Nilikuwa katibu msaidizi wake kwa misimu yote miwili ninayoieleza hapa, na mimi ndiye niliyeshika daftari la mechi: nani kaanza, nani kaingia, goli dakika ya ngapi, mechi ilianza saa ngapi. Jina la timu, majina ya watu, mtaa na miaka nimeviondoa. Mpangilio wa raundi nimeugeuza kidogo ili wapinzani nao wasitambulike.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaokaa kwenye kamati za timu za namna hii. Tulitumia pesa, tukaleta wachezaji wazuri, tukajituma kweli, na mwisho wa msimu tukawa na pointi moja pungufu ya tulizopata msimu uliotangulia. Jambo hilo liliniuma sana. Nilipokaa na daftari langu usiku mmoja na kuhesabu, nikakuta jibu lilikuwa limeandikwa mle kwa mkono wangu mwenyewe tangu msimu wa kwanza.

Hali ilivyokuwa

Ligi yetu ilikuwa na timu 12, nyumbani na ugenini, mechi 22. "Nyumbani na ugenini" ni maneno ya kwenye ratiba tu, kwa sababu timu nyingi za ngazi hii hazina uwanja. Chama cha mkoa hupanga viwanja vichache, na kwenye kila kiwanja mechi mbili kwa siku: ya kwanza saa nane mchana, ya pili saa kumi jioni. Kila mtu anataka ya saa kumi. Jua limepungua, mashabiki wametoka kazini, hata mwamuzi anakimbia vizuri. Kupangiwa saa nane mwezi Januari hapa Dar ni habari nyingine. Joto linafika nyuzi 31 au 32 kivulini, na unyevu wa pwani unafanya jasho lisikauke mwilini.

Wachezaji wetu walikuwa 24. Karibu wote wana shughuli: bodaboda, ufundi wa vigae, kubeba mizigo sokoni, ulinzi wa usiku. Mazoezi yalikuwa saa kumi na moja jioni, siku nne kwa wiki, kwenye nusu ya uwanja, kwa sababu nusu nyingine ni ya maveterani na wana haki nayo kuliko sisi, wao ndio walioung'oa visiki. Pesa ilitoka kwa mfadhili mmoja, mfanyabiashara wa vipuri Kariakoo aliyezaliwa mtaani kwetu, pamoja na michango ya wanachama.

Msimu wa kwanza tulishinda 8, tukatoa sare 6, tukafungwa 8. Pointi 30, nafasi ya saba. Tulifunga magoli 27, tukafungwa 28. Timu mbili za juu ndizo zilizoendelea mbele; ya tatu ilimaliza na pointi 39.

Kikao kilichoamua kila kitu

Mechi yetu ya mwisho ya msimu ule tulifungwa 1-0. Tulipiga mwamba mara mbili, tukakosa penalti, na mshambuliaji wetu alibaki yeye na kipa akampa mikononi. Uwanja mzima ulishika kichwa. Siku nane baadaye tukakaa kikao cha tathmini, na nadhani hapo ndipo kisa kizima kilipoanzia, maana kila aliyesimama kuzungumza alikuwa bado anaiona ile mechi moja. Wajumbe 11 walichangia. Kumi walisema tatizo ni umaliziaji.

Aliyesema tofauti ni mwalimu, yaani kocha wetu. Maneno yake nayakumbuka: "Vijana wanakata pumzi. Tukifika dakika ya 70 hatuna timu." Mwenyekiti akamjibu kwa heshima kabisa, "Mwalimu, pumzi ni kazi yako. Sisi tutakuletea wafungaji." Watu wakapiga makofi. Mwalimu hakurudia tena. Yeye si mtu wa kubishana mbele ya wazee, na hakuwa na kitu mkononi cha kuwaonyesha. Kitu hicho nilikuwa nacho mimi, kwenye begi, chini ya kiti. Nilikuwa nimeandika kila goli la msimu lakini sikuwahi kukaa nikajumlisha. Niliona kazi yangu ni kuweka kumbukumbu.

Kikao kikaamua mambo matatu:

- Tusajili washambuliaji watatu, na mfadhili alipe.
- Tuwaache wachezaji tisa, akiwemo nahodha, kiungo mkabaji mwenye miaka 31.
- Mazoezi ya maandalizi yasubiri usajili ukamilike, ili "tusifundishe watu watakaoondoka".

Sababu za kila uamuzi zilikuwa na mantiki kwa wakati ule, na sipendi tunapozungumza leo kana kwamba waliokaa pale walikuwa wajinga. Magoli 27 kwa mechi 22 ni machache kweli. Nahodha alikuwa ametimiza msimu wa pili bila goli hata moja, na mbio zake zilikuwa zimepungua, hilo hata yeye alilikubali. Na mfadhili alikuwa tayari kutoa pesa ya mchezaji anayeonekana. Kumwomba mtu pesa za usajili wa straika ni rahisi. Ukimwomba pesa za wali wa wachezaji, anahisi unataka kula wewe.

Msimu wa pili

Washambuliaji watatu walitoka kwenye ndondo, yale mashindano ya mtaani yasiyo ya ligi. Wawili walipewa shilingi 500,000 kila mmoja kwa kusaini, wa tatu 300,000 na viatu. Wengine sita walikuja bila ada, kwa makubaliano ya posho. Usajili ulichelewa, kama unavyochelewa siku zote, kwa barua za kuachiwa na picha za pasipoti, na timu kamili ilifanya mazoezi pamoja kwa wiki mbili tu kabla ya mechi ya kwanza. Mechi za kirafiki zilikuwa mbili, zote saa kumi na nusu jioni.

Tulianza kwa kishindo. Raundi ya pili tulishinda 5-0, na mtaa ukalipuka. Raundi ya sita tukashinda 4-1. Mwenyekiti alipita kijiweni akipongezwa kama ndiye aliyefunga. Katikati ya mechi hizo mbili kulikuwa na sare mbili na kichapo kimoja, lakini hakuna aliyevizungumzia sana.

Kuanzia Desemba mambo yakaanza kuharibika, na namna yake ilikuwa ileile kila mara. Tunaongoza au tuko sare, mchezo uko mikononi mwetu, kisha mwishoni tunaanza kurudi nyuma hatua moja moja mpaka tunajikuta sote ndani ya boksi letu.

*Mechi ya raundi ya 11*

Mechi hii nitaieleza kwa kirefu. Ilikuwa Januari, saa nane mchana, kwenye kiwanja cha upande wa Kinondoni. Kosta, basi letu dogo la safari, ilipangwa kuondoka saa nne na nusu. Iliondoka saa tano na dakika 20 kwa sababu tuliwasubiri wachezaji wawili waliotoka lindo la usiku, mmoja akiwa bado na buti za kazini. Makutano ya Tazara, penye daraja la juu la Mfugale, tuliyapita bila shida, lakini Barabara ya Mandela ilikuwa imejaa malori ya makontena kuanzia Buguruni mpaka karibu na Ubungo. Tulifika saa saba na dakika 35. Wachezaji walipasha misuli dakika 10. Nilipouliza nani amekula, wachache tu walijibu, na walichokula ni chai na chapati za asubuhi. Mmoja alikuwa na karanga mfukoni akawagawia wenzake watatu.

Kipindi cha kwanza tulicheza mpira mzuri kuliko siku yoyote ya msimu ule. Mapumziko 2-0, yote magoli ya wale washambuliaji wapya. Dakika ya 60 beki wetu wa kulia aliinama akashika magoti. Dakika ya 68 kiungo alilala chini, misuli ya miguu imekaza, na mwalimu akamtoa. Aliyeingia alikuwa kijana aliyefanya mazoezi mara tatu mwezi ule. Dakika ya 74 krosi ikapita mbele ya mabeki wawili waliosimama, goli. Dakika ya 83 mpira ulipotea katikati na hakuna aliyerudi, goli. Kipa alikuwa akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Tulieni na mpira! Tulieni!" Hakuna aliyetulia. Kila aliyepata mpira aliupiga mbele, ukarudi. Dakika ya tatu ya nyongeza wakafunga la tatu kwa kona.

Kwenye Kosta wakati wa kurudi hakuna aliyesema neno mpaka Ubungo. Kisha mmoja wa vijana akasema taratibu, "Leo Mzee angekuwepo angekaa na mpira." Mzee ndilo jina walilompa nahodha wetu wa zamani. Wakati huo alikuwa anachezea timu nyingine kwenye ligi hiihii, iliyokuja kumaliza nafasi ya tatu.

*Wiki tatu za majaribio*

Baada ya raundi ya 15 mwalimu alinifuata nyumbani. Tuliongea mpaka usiku, nikafungua daftari, na kwa mara ya kwanza tukahesabu pamoja. Bila kusubiri kikao, akabadilisha vitu viwili kwa wiki tatu. Mazoezi ya Jumamosi na Jumapili yakahamia saa nane mchana, mchezo kamili wa dakika 90 kwenye uwanja mzima, kwa sababu maveterani hawachezi saa hiyo. Na siku ya mechi, wote walikutana saa nne asubuhi kwa mama lishe mmoja karibu na maskani, wakala wali, maharage na ndizi, kisha wakaondoka mapema.

Katika mechi nne zilizofuata tulishinda mbili na kutoa sare mbili. Baada ya dakika ya 70 tulifungwa goli moja tu, tukiwa tunaongoza 3-0. Tatu kati ya mechi hizo nne zilikuwa za saa nane.

Kisha pesa ya chakula ikaisha. Alikuwa anatoa mwalimu na mimi, na mjumbe mmoja aliyetuunga mkono kimyakimya. Kamati ilipoombwa iendeleze, jibu lilikuwa kwamba bajeti ilishatumika kwenye usajili. Mechi tatu za mwisho tulipata pointi moja.

Matokeo

Ushindi 8, sare 5, kufungwa 9. Pointi 29, nafasi ya nane. Magoli ya kufunga 31, ya kufungwa 34. Mfadhili alisema amevunjika moyo na akapunguza mkono. Posho za mwezi wa mwisho zilichelewa kwa wiki saba.

Uchambuzi

*Daftari linasema nini*

Naanza na hesabu yenyewe. Msimu wa kwanza, kati ya magoli 28 tuliyofungwa, 13 yaliingia baada ya dakika ya 70. Msimu wa pili ni 15 kati ya 34. Sehemu hiyo ya mchezo, pamoja na dakika za nyongeza, ni karibu robo ya muda wote. Ni kweli kwamba duniani kote magoli huongezeka mwishoni mwa mechi, watu wamechoka na wengine wanatafuta sare kwa nguvu zote. Lakini kwetu karibu nusu ya magoli yalikuwa yanaingia kwenye robo moja ya mchezo.

Nikahesabu pia pointi. Niliangalia matokeo yalivyokuwa dakika ya 70, kisha yalivyokuwa filimbi ya mwisho. Msimu wa kwanza tulipoteza pointi 12 kwa njia hiyo katika mechi saba. Ili nisijidanganye, nikahesabu na upande wa pili: mechi mbili ambazo sisi tulipata goli mwishoni, pointi 4. Hasara halisi pointi 8. Msimu wa pili tulipoteza 13 katika mechi nane, tukapata 3. Hasara halisi 10. Ukizirudisha zile 8 za msimu wa kwanza, tungemaliza na 38, pointi moja nyuma ya timu ya tatu, bila kusajili mtu yeyote.

Halafu saa ya mechi. Kwa misimu miwili tulicheza saa nane mara 21 na saa kumi mara 23. Mechi 15 tulizoharibu mwishoni, 11 zilikuwa za saa nane. Mechi 44 si nyingi, na wapinzani hawalingani, kwa hiyo sitaapa kwa namba hizi. Lakini tofauti ya 11 na 4 ni kubwa kiasi kwamba kamati yoyote ingepaswa kuiuliza swali.

*Usajili ulifanya kazi, na hilo ndilo lililotupoteza*

Watu wa mtaani wanasema washambuliaji walikuwa feki. Si kweli, na nalisema hili kwa sababu wale vijana wametukanwa bila haki. Magoli yaliongezeka kutoka 27 hadi 31, na washambuliaji hao watatu walifunga zaidi ya nusu. Tatizo ni mahali magoli yalipoangukia. Mechi mbili tu, ile ya 5-0 na ile ya 4-1, zilibeba magoli 9. Zilizobaki 20 ziligawana 22. Goli la nne na la tano halina pointi ndani yake; ushindi wa 5-0 una pointi tatu sawasawa na wa 1-0.

Zile mechi mbili zilitufumba macho mapema. Kila aliyetaka kuzungumzia ulinzi alijibiwa kwa 5-0. Mimi mwenyewe niliacha kuhangaika na daftari kwa mwezi mzima baada ya raundi ya sita, nikiamini sasa tumepata dawa.

*Nahodha*

Uamuzi uliotugharimu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kumwacha Mzee. Tulimpima kwa magoli na mbio, vitu ambavyo havikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuupooza mchezo. Akiona wenzake wamechoka, anaomba mpira, anaugeuza kwa beki, anachukua faulo, anamsogelea mwamuzi kumuuliza jambo, anawapa watu sekunde 40 za kupumua. Hakuna safu ya jambo hilo kwenye daftari langu, na kwa kuwa halikuandikwa, kikaoni halikuwepo.

Tulipokutana na timu yake mpya tulikuwa nyuma 1-0 dakika ya 80. Nilimtazama akiupeleka mpira kwenye kibendera cha kona akasimama nao pale, mgongo kwetu, vijana wetu wawili wakimzunguka. Nilijisikia vibaya, kwa sababu ni kitu alichokuwa anatufanyia sisi na hatukuwahi kumshukuru.

Jambo hili haliko kwenye ligi za mchangani peke yake. Leicester City walichukua ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16 kwa pointi 81. N'Golo Kanté, kiungo mkabaji aliyefunga goli moja tu kwenye ligi msimu ule, akaenda Chelsea. Msimu uliofuata Leicester walimaliza nafasi ya 12 na pointi 44, na Chelsea wakawa mabingwa kwa pointi 93. Zilikuwepo sababu nyingine, Leicester walikuwa pia kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka ule, lakini pengo la mtu mmoja wa katikati lilionekana wazi.

Wapo watakaonijibu kwamba Simba walifumua kikosi mwaka 2024, wakaleta kocha mpya na kundi kubwa la wachezaji wapya, na bado wakapanda kutoka nafasi ya tatu hadi ya pili na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025. Ni sawa, na ni mfano mzuri. Simba walikaa kambini Misri kabla ya msimu, wakila na kulala pamoja. Sisi tulibadilisha watu tisa tukawapa wiki mbili za jioni kwenye nusu uwanja. Kufumua kikosi kunawezekana kama unalipia na gharama ya kukifuma upya.

*Joto, chakula na barabara*

Hapa ndipo ninapopenda kamati za timu ndogo zisome taratibu. Mwili uliozoea kukimbia saa kumi na moja jioni haujajiandaa kwa saa nane mchana. Kuzoea joto huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili za kufanya mazoezi kwenye joto lenyewe. Mwili hujifunza kutoa jasho mapema na kupoteza chumvi kidogo kuliko awali. Mwalimu wetu alilijua hilo kwa uzoefu. Wiki tatu alizolifanyia kazi ndizo wiki pekee tulizomaliza mechi tukiwa tunatembea wima.

FIFA iliweka utaratibu wa mapumziko ya kunywa maji pale kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kinapofika nyuzi 32. Kombe la Dunia la 2014, mechi ya Uholanzi na Meksiko kule Fortaleza, ilisimamishwa kwa mapumziko hayo. Meksiko walikuwa wanaongoza 1-0 tangu dakika ya 48. Kocha wa Uholanzi, Louis van Gaal, alitumia mapumziko ya kipindi cha pili kupanga upya timu. Wesley Sneijder akasawazisha dakika ya 88, na Klaas-Jan Huntelaar, aliyetokea benchi, akafunga penalti ya ushindi dakika za nyongeza. Ninaitaja mechi hiyo kwa sababu watu hudhani joto linawachosha wote sawa. Linamchosha zaidi asiye na mpango wa dakika 20 za mwisho. Hata pale mwamuzi wetu aliporuhusu kunywa maji, wachezaji walikunywa, wakamwagiana kichwani, wakarudi. Hakuna aliyesema neno la mbinu.

Chakula kilikuwa rahisi kuliko vyote. Sahani ya wali maharage kwa mama lishe wetu ilikuwa shilingi 2,000. Watu 22 ni 44,000 kwa mechi. Mechi 22 ni 968,000. Washambuliaji wawili wa kwanza walisaini kwa jumla ya 1,000,000. Nilipoandika namba hizo mbili kwenye ukurasa mmoja nilikaa nazo muda mrefu bila kugeuza karatasi.

Kuhusu safari, sina mengi. Kosta ya kuondoka saa nne kamili ingekuwa bei ileile ya saa tano.

*Ndondo*

Wawili kati ya washambuliaji wetu waliendelea kucheza ndondo katikati ya msimu. Mmoja aliumia kifundo cha mguu huko, akakosa mechi tano. Kamati ilijua na ikanyamaza. Ingesema nini? Tuliwapata hukohuko, na hatukuandika popote kwamba waache. Kijana anayelipwa mkononi jioni ileile ya mechi ya ndondo, huku posho yake ya timu ikichelewa wiki tatu, ana watoto wanaokula leo. Mimi sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Timu inayotaka mchezaji apumzike Jumatano inapaswa kuilipia hiyo Jumatano.

*Nani alijua nini, na lini*

Mwalimu alijua kwa macho. Daftari lilijua kwa namba. Nahodha alijua kwa miguu yake. Watatu hawa hawakuwahi kukaa meza moja kabla ya usajili. Kikao kiliitishwa siku nane baada ya mechi yenye uchungu, bila karatasi yoyote mezani, na mtu wa mwisho kuumia ndiye aliyepata sauti kubwa. Kosa langu ni kwamba nilidhani kuandika kunatosha. Jumla niliyoifanya usiku ule na mwalimu ilichukua saa mbili na nusu. Ningeifanya wiki moja kabla ya kikao cha kwanza, sijui kama ingewashinda wajumbe kumi, lakini mwalimu asingesimama peke yake.

Kilichofuata

Kabla ya msimu wa tatu nilipeleka kikaoni karatasi moja, nakala 15. Juu niliweka jedwali la dakika za magoli, chini hesabu ya wali. Wazee waliisoma kimya. Mwenyekiti aliuliza kama namba zile ni za kweli, nikampa daftari lenyewe, akaanza kufungua mechi anazozikumbuka moja baada ya nyingine, akinyooshea kidole.

Kikao kilikubali chakula cha siku ya mechi kiwe kifungu cha kwanza cha bajeti, kabla ya usajili. Kilikubali mazoezi ya saa nane siku moja kwa wiki. Siku mbili ilishindikana kwa sababu vijana wa sokoni hawawezi kuacha kazi mchana. Suala la kuwalipa wachezaji wasicheze ndondo liliahirishwa, hakuna pesa. Mwalimu aliomba Mzee arudi, hata kama ni kukaa benchi na kuingia dakika ya 65. Mjumbe mmoja alitumwa kwenda kuongea naye nyumbani kwake. Alirudi na jibu kwamba Mzee amesema atafikiria, ila anataka kwanza alipwe posho zake mbili za msimu ule alioachwa.

Tulikuwa hatujui kama anatudai. Nilirudi kwenye daftari, nikakuta ni kweli.